Likelemba ya Maswali

Kila asubuhi, mitumbwi ikishafika Rumonge, Salima alishuka mwaloni na mizani yake ndogo. Mama yake mdogo Kulthumu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amemwekea bakuli pembeni, limefunikwa vizuri. Salima alipima samaki mmoja mmoja, akaandika urefu na uzito. Ndagala kupimwa kama dhahabu! Wanawake wa mwaloni walimtania, lakini walimpenda. Mtoto wao alikuwa anasomea sayansi ya ziwa, mpaka juu kabisa.

Ulikuwa mwaka wa 1999, vita havijaisha. Barabara ya Bujumbura ilikuwa ya hatari, kwa hiyo Salima alifanyia kazi nyumbani, mbali na chuo. Siku moja boti ilileta barua ya profesa wake. "Ziwa haliwezi kukosa samaki wadogo. Hesabu zako hazisimami. Nakupa miezi mitatu, la sivyo nafasi yako atapewa mwingine."

Salima alilia. Kisha akaanza kufunga mizani ndani ya karatoni.

Jirani yao Elda, mwalimu wa kemia kwenye lisee, shule ya sekondari ya pale, akapiga hodi.

"Amahoro, Salima. Wee! Unahama?"

"Naacha, dada Elda. Sayansi imenishinda."

"Umemuuliza nani?"

"Nimuulize nani? Fakultee nzima niko mwanamke peke yangu. Nikiuliza watasema: tulijua, wanawake hawawezi."

Elda aliichukua ile karatoni, akaipakata.

"Na mimi nilinyamaza hivyo miaka mitatu. Kidole kimoja hakivunji chawa, mdogo wangu. Unajua likelemba?"

"Nani haijui? Mnachanga pesa, leo anakula huyu, mwezi ujao yule."

"Basi sisi tuko na likelemba ya maswali. Tuko wanawake sita wa sayansi, kutoka hapa mpaka Uvira. Barabara imefungwa, lakini daftari linapita kwa boti. Kila mwezi mmoja anaandika kilichomshinda, wengine wanamjibu. Hakuna mkubwa kati yetu. Sharti ni moja: unaanza na ulichokosea. Mwezi huu ni zamu yangu. Chukua wewe."

Salima aliandika kurasa nne. Baada ya wiki tatu daftari lilirudi, linanuka samaki. Mwenzao wa Bujumbura alikuwa ameandika: "Pole, dada. Mimi nilirudia kazi yangu mara mbili." Salima alisoma maneno hayo tena na tena. Kumbe hakuwa peke yake!

Chini yake Cikuru wa Uvira, naye mpima samaki, aliuliza: "Bakuli lako, nani analijaza? Anachota kabla ya kuchambua, ao nyuma ya kuchambua?"

Salima alikimbia mpaka mwaloni.

"Mama mudogo, bakuli yangu unaijaza namna gani?"

"Nakuchagulia, mutoto wangu!" Kulthumu alijibu kwa fahari. "Wakubwa, wazuri. Wale wadogo naanika. Nitamupa musomi wangu takataka?"

Salima alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwaka mzima alikuwa anapima mapenzi ya mama yake mdogo.

"Mama, ili nijue ziwa, napaswa kupima wote, vile wametoka kwa wavu."

"Yarabi! Kumbe ni mimi nilikuharibia?"

"Hapana. Ni mimi sikuuliza."

Alianza upya. Elda alimsaidia kupima kila Jumamosi, na Cikuru alikagua hesabu zake kwa barua. Miezi mitatu ilipokwisha, profesa alijibu kwa ufupi: "Sasa zinasimama. Endelea." Nafasi ikabaki yake.

Mwaka uliofuata msichana wa Muhuta aliingia likelembani, naye amekata tamaa. Salima ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwandikia: "Pole, dada. Mimi nilipima samaki wa kuchaguliwa mwaka mzima."

Na Kulthumu? Kila asubuhi alijifunika macho kwa kitenge, akachota ovyo, wakubwa kwa wadogo, akamsukumia Salima bakuli.

"Leo sikupendi hata kidogo," alisema. "Pima kwanza. Nitakupenda nyuma."