Vitunguu vya Tulipu vya Mama Agripina

Domnica alishuka stoo ya chini ya nyumba kuchukua viazi. Macho yake yakaangukia kasha lililokaa kando ya matofaa. Vitunguu vya mama mkwe wake, si vya kula bali vya kuotesha maua ya tulipu, bado vilikuwa humo, na Novemba ilikwisha kuingia.

Mama Agripina alikuwa Italia, akifanya kazi ya kutunza wazee. Alipoondoka Juni alisema, "Mwanangu, nikirudi Pasaka nataka maua ya kaburi la mama yangu. Vitunguu hivi vilikuwa vyake." Lakini Domnica, mtoto wa mjini, alihofu baridi itaviua. Akaamua kungoja theluji iishe. Sasa hakuwa na uhakika tena.

Alimkimbilia jirani, Bi Tudora, aliyekuwa bibi shamba miaka mingi.

"Baridi iviue?" Tudora alicheka. "Tulipu bila baridi halichanui. Umechelewa, lakini maadamu ardhi haijaganda, tunawahi. Uliviweka wapi?"

"Stoo, pamoja na matofaa."

Tudora akaacha kucheka. "Hapo umeharibu, binti. Tofaa likiiva hutoa hewa inayoua ua changa ndani ya kitunguu. Lete kasha na kisu."

Alipasua kimoja katikati. Ndani mlikuwa na kiua kidogo kama punje ya mchele, kimekauka na kuwa cha kahawia.

"Na vingine?"

"Hatujui. Tukivipasua vyote, tutapanda nini?"

Vilivyokuwa laini walivitupa. Vikabaki kumi. Walichimba penye jua, mahali maji hayatuami. Kila shimo lilikuwa na kina mara tatu ya urefu wa kitunguu. Tudora alikigeuza kimoja. "Huyu umemsimamisha kwa kichwa, maskini. Ncha iangalie juu."

Majira yote ya theluji Domnica hakuwa na raha. Simu ya Italia ikilia, alimsukumia Grigore, mumewe.

"Mama anauliza maua," Grigore alisema.

"Mwambie yamelala."

Machi majani yakachomoza kwenye vitunguu vyote kumi. Pasaka ilipofika, ni vinne tu vilivyokuwa na maua. Mama Agripina hajatua hata mkoba, Domnica akamweleza kila kitu.

Mama mkwe aliinama, akakata maua manne.

"Manne ni sawa. Kwetu marehemu hupelekewa maua ya jozi, si matatu wala matano. Haya majani usiyakate mpaka yawe manjano yenyewe, maana ndiyo yanayolisha kitunguu kichanue mwakani. Ukivichimbua, viweke pakavu, mbali na matunda. Oktoba uvipande."

"Utaniachia tena mimi, mama?"

"Sasa nimwachie nani? Grigore?"