Oili Mpya Juu ya Kuukuu

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na si mengi ya kuchezea: haya yote ni kweli tupu. Akitokea mtu wa kunionyesha mahali nilipoongeza chumvi, nitaifagia saluni ya mpwa wangu mwezi mzima, kwa mgongo huu huu unaoniuma.

Mpwa wangu ni msusi. Asubuhi moja umeme ulikuwa umekatika tena, naye amebanwa kwenye duka la spea akitafuta oili ya jenereta. Gauni lake la bluu limefifia mabegani, kitana amekisahau nywelani. Muuzaji akaweka chupa ya mwisho kwenye kaunta. Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja, wa kwake na wa kijana mmoja.

"Kaka, hii nimeiomba mimi."

"Chukua, dada. Pikipiki yangu imezoea kusubiri."

Msusi akamtazama. Shati jeupe, macho mekundu. "Una unga kwenye nyusi."

"Naoka mikate usiku. Ndiyo kwanza natoka kazini."

"Nikadhani umezeeka ghafla."

"Hilo pia."

Msusi akacheka hadi skrubu zikadondoka rafuni. Tangu siku hiyo akamwita Unga.

Mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Yeye akifunga saluni, mwenzake ndiyo kwanza anaelekea kwenye tanuri. Waliishi kwenye simu.

"Umelala, Unga?"

"Nakusikiliza, mpenzi."

"Nimesema nini?"

"Kwamba unanipenda."

"Nimesema miguu inaniuma."

"Si ndiyo hayo hayo?"

Siku ya kubadilisha oili ilipofika tena, Unga akapita saluni asubuhi, unga bado nyusini, akasema fundi wa nini wakati yeye yupo.

"Lakini unaijua hii kazi?"

"Naifanya nimefumba macho."

Na kweli aliifanya amefumba macho, maana hakuwa amelala tangu jana yake. Akafungua kifuniko cha juu, akamimina chupa nzima. Boliti ya chini, ile ya kumwagia oili ya zamani, hakuigusa. Akaaga, akaenda kulala.

Mchana bibi harusi mmoja alikuwa ameketi chini ya draya, kichwa kizima kimefungwa rola. Jenereta ikakohoa. Ukatoka moshi mweupe, mzito, hata kuku wa jirani wakaingia bandani wakidhani jua limezama. Kisha ikazima. Bibi harusi akaondoka na nywele mbichi na maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Msusi akampigia Unga. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Hapo mniwie radhi nirudi nyuma kidogo. Mpwa wangu aliwahi kuchumbiwa. Mchumba yule alizima simu wiki ya harusi, na mpaka leo hajaiwasha. Kwa hiyo msusi alipofunga mlango mapema siku hiyo, jenereta haikuwa kwenye mawazo yake hata kidogo.

Alasiri Unga akaamka, akawasha simu, akapiga.

"Mpenzi, nilikuwa nimelala."

"Simu iliyozimwa naijua mimi. Nimewahi kuisubiri mwaka mzima."

"Naizima kila mchana. Usiku wangu ndio huo."

"Hukuniambia."

"Sikujua kama ni jambo la kuambiwa."

Msusi akasema, "Jenereta uliyoitia oili imetoa moshi, ikafa."

Unga akakaa kitandani akijisugua uso. "Ile oili ya zamani sikuimwaga. Nimeongeza mpya juu yake."

"Ulisema kazi unaijua."

"Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unanitazama."

Msusi akakata simu. Lakini mlango akaufungua tena, nusu.

Unga akatokea na beseni, kandambili moja nyekundu, nyingine kijani.

"Sikuja kubembeleza," akasema. "Nimekuja kumwaga oili."

"Na viatu hivyo?"

"Nimevaa nikikimbia."

Safari hii alikiri kila asichokijua, na kila alichokijua alikifanya polepole. Akafungua boliti ya chini. Oili yote ikateremka kwenye beseni, nyeusi kama masizi. Msusi akatoa sifongo la chujio la hewa, lilikuwa limelowa oili tepetepe, akalifua kwa sabuni ya nywele na kulikamua hadi likakauka. Wakaing'oa plagi, ile inayotoa cheche, wakaifuta, kisha wakavuta kamba bila plagi ili oili iliyoingia ndani itoke.

"Vuta wewe, nimechoka," akasema msusi.

"Hata mimi. Tupokezane."

Wakafunga kila kitu, wakamimina oili mpya hadi kwenye alama ya kijiti cha kupimia. Tone zaidi, hapana. Unga akavuta. Jenereta ikatema moshi kidogo, ikasafisha koo, ikatulia kwenye mngurumo wake.

Hapo, wasomaji wangu, Unga akapiga goti kwenye oili iliyomwagika, akamshika msusi mkono, machozi yakimlenga, akamposa, na mtaa mzima ukapiga mak—

"Mjomba, goti gani?"

Mpwa wangu. Sijui ameanza lini kusoma akichungulia begani kwangu.

"Goti la... heshima," nikasema.

"Alikaa chini, akaegemea ukuta, akalala mdomo wazi. Kabla hajalala alinikabidhi simu yake. Akasema, 'Nikilala, izime wewe.' Mimi ndiye niliyemuuliza, alipoamka, kama anataka niwe naizima kila siku. Akasema ndiyo, halafu akaniomba nirudie swali."

"Basi ni kitu kidogo tu nilichopamba."

"Na kuku?"

"Kuku ni kweli."

"Mtaa huu hauna kuku, Mjomba." Akaniwekea ufagio mkononi.

Basi nafagia. Nywele za watu zinanifuata hadi kwenye soksi, mgongo unalia, na kulalamika kwa sauti siruhusiwi. Kuna mtu amelala kwenye kiti cha draya, unga nyusini, na simu yake iko mfukoni mwa mkewe.