Shauri la Mama Hondohondo

YAH: KUFUNGIWA NDANI YA MTI KWA MAMA HONDOHONDO, MKAZI WA MSITUNI.

Ndivyo alivyoandika Bwana Shekiondo, mtendaji wa kijiji. Akagonga muhuri. Ga!

Mlalamikaji alikuwa Mwajabu, mwenye miaka sita. Meza ya mtendaji ilimfika kidevuni.

"Haya, mama, eleza. Umeona nini?"

"Hondohondo kaingia kwenye tundu la mti. Mumewe analeta matope. Mlango unazibwa."

Pa, pa, pa. Tope juu ya tope.

"Umebaki ufa tu. Mwembamba kama kidole changu."

Mtendaji akafungua kitabu kikubwa cha sheria. Mbuzi walikuwamo. Uzio ulikuwamo. Ndege hakuwamo.

Basi akamwandikia baba hondohondo barua ya wito. Afike ofisini Jumatatu, saa mbili asubuhi. Akaipigilia mtini kwa msumari.

Jumatatu, saa mbili, mtendaji akasubiri. Saa tatu, akasubiri. Hondohondo hakufika, wala hakutoa udhuru.

"Huyu ana dharau," alisema mtendaji. Akachukua ngazi. Akachukua panga.

Mwajabu akatangulia njiani, mbio mbio. Leo mama hondohondo atatoka!

Ukuta wa tope ulikuwa umekauka, mgumu kama chungu. Mwajabu akakumbuka ulivyojengwa.

Pa, pa, pa. Tope juu ya tope.

Mtendaji akapanda. Ngazi ikalia, kwii, kwii.

Mara, vuu, vuu, vuu. Baba hondohondo akatua. Akabisha hodi kwa mdomo.

Ko, ko, ko. Ncha ya mdomo mwingine ikatokeza kwenye ufa. Akaipa tunda.

Ko, ko, ko. Akaipa tunda jingine.

Mwajabu akatulia. Akafikiri.

Nyumbani, mama yake naye hatoki chumbani. Yuko na mtoto mchanga. Bibi anampelekea uji wa pilipili manga. Baba anampelekea supu. Wanabisha hodi kwanza. Ko, ko, ko.

Na hakuna aliyemfungia.

Kwenye tawi la jirani alikaa kima. Aliutazama ukuta. Alilitazama panga. Alikuwa na subira sana, kima yule.

"Mtendaji," aliita Mwajabu, "shuka."

"Niko kazini, mama."

"Huyo ni mzazi. Hajamaliza arobaini. Ukivunja, kima atakula watoto."

Mtendaji akamtazama kima. Kima akatazama pembeni.

"Mzazi?" alinong'ona mtendaji. "Mbona hamkusema? Mke wangu alipojifungua, mimi nililala sebuleni. Nikikohoa tu, nafukuzwa."

Akashuka polepole, panga kwapani. Akabandua na barua yake.

Kima akaondoka zake, amenuna.

Siku zikapita. Mama yake Mwajabu akatimiza arobaini. Akatoka na mtoto, wakaota jua.

Mama hondohondo bado.

"Wao wana arobaini ndefu," alisema bibi.

Kila siku Mwajabu alikwenda kuchungulia. Kila siku baba hondohondo alileta matunda. Alikonda, maskini.

Ko, ko, ko. Tunda juu ya tunda.

Kisha, asubuhi moja, sauti ikatoka ndani.

Ko, ko, ko. Tope likaanguka. Ko, ko, ko. Likaanguka jingine.

Mama hondohondo aliuvunja ukuta mwenyewe, kwa mdomo wake, akatoka na kinda mmoja.