Aliyoyasema Irine Ukumbini

Stendi ya Mikumi ilikuwa imefurika. Mabasi yalisimama ili abiria wale, na Irine, ndani ya sare nyeupe iliyomkaa vizuri hata wauza machungwa wakageuka, alizunguka na karatasi ya saini mpaka akamkanyaga mtu.

"Samahani, kaka. Sikukuona."

"Na urefu wote huu?" Kijana alicheka. Shati lake la buluu lilinuka moshi wa miwa. "Unauza nini?"

"Siuzi. Wanataka kufunga kozi yetu ya afya ya akili chuoni. Eti haina soko. Tusaidie saini."

"Nikikupa saini, utanipa namba?"

Akapewa. Aliitwa Ditram, dereva wa lori la miwa Kidodi, mkazi wa Magomeni, Kilosa. Mapenzi yao yalikolea kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula miwa."

"Meno yakiisha nakukimbia."

Siku Ditram alipompeleka kwake, Irine alimkuta Costancia, dada wa Ditram, ambaye hakuwa amesema neno tangu amzike mwanawe. Hapo Ditram akatoa ya moyoni: akisafiri humfungia dada kwa kufuli, asije akaenda relini.

"Usinione mnyama, Irine."

Hakumwona mnyama. Alimpenda zaidi. Akaanza kwenda kila Jumamosi kumsuka Costancia na kuzungumza naye taratibu, kama alivyofundishwa, mpaka siku moja dada akamuuliza kama huko Mikumi mvua imenyesha. Ditram alitoka nje akalia. Kufuli likatupwa.

Wakubwa wa chuo walipokuja kuwasikiliza wanafunzi, wenzake walisoma takwimu na wakubwa wakachezea simu. Irine aliona kozi inakwenda na maji. Akasimama, akaeleza habari za mwanamke mmoja wa Magomeni, kaka yake dereva wa miwa, kufuli, na siku ile ya mvua. Jina hakutaja. Wakubwa waliweka simu chini, wengine wakajifuta macho, na mtu akarekodi. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba kozi itaendelea.

Irine akapiga simu mbiombio. "Mpenzi, tumeshinda."

"Nimeona. Mtaa mzima umeona. Watu wanakuja mlangoni kumchungulia dada."

"Lakini sikukutaja."

"Magomeni hii, dereva wa miwa mwenye dada mgonjwa, tuko wangapi?"

Baada ya siku kadhaa Ditram alimfuata Mikumi. Walikaa kwa mama lishe, chai ikapoa mbele yao.

"Nisamehe, Ditram. Niliogopa, kozi ilikuwa inakufa."

"Nimeshakusamehe. Na hukusema uongo. Ila lile nilikwambia wewe, Irine. Sikuwaambia wao." Alisukuma kikombe pembeni. "Nakupenda, lakini siwezi tena kukwambia kitu. Usije nyumbani."

Irine alilia bila kujificha, wateja wakatazama pembeni. Alipoweza kusema, aliuliza, "Dada hajambo?"

"Hajambo. Jumamosi anakaa kibarazani na kitana, anakusubiri. Namwambia uko likizo kwenu."

Irine alijifuta uso kwa mtandio.

"Endelea kumwambia hivyo," alisema.