Kidonge cha Siku ya Safari

Kila asubuhi mtaa ulianza kwa mlio wa cherehani ya Bibi Vifungo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kopo la vifungo lililokaa mlangoni pake. Mtoto akipita na shati wazi, bibi alimwita.

"Njoo hapa, wewe unayetangaza kitovu! Simama wima."

Alimshonea kifungo papo hapo, shati likiwa mwilini, akakata uzi kwa meno na kumwachia aende. Hakutoza kitu.

Bibi aliishi na mwanawe wa kwanza, fundi umeme, pamoja na mke wa fundi huyo. Kila baada ya chai, mwana aliuliza swali lake la kila siku.

"Mama, dawa umemeza?"

"Nimemeza, baba. Nenda kazini, nyaya zinakungoja."

Dawa zilikuwa tatu. Moja ya shinikizo la damu, moja ya kuusaidia moyo, na kidonge kidogo cheupe cha kutoa maji mwilini. Hicho cheupe bibi alikiita "kidonge cha bomba".

"Nikikimeza hicho, bomba limefunguliwa," alimwambia mkwe wake. "Sina tena utu uzima. Nakimbia chooni kama mtoto wa chekechea."

Nyumbani hilo halikuwa na shida, kwa kuwa choo kilikuwa karibu. Lakini bibi alipenda kusafiri. Watoto wake walikuwa wametawanyika, na kila mmoja alitaka mama aje. Hapo ndipo bibi alipokuwa na siri. Siku ya safari, kidonge cha bomba hakukimeza.

"Mtu mzima kama mimi nimsimamishe dereva njiani?" alijiambia. "Basi zima linitazame nikishuka? Aibu gani hiyo!"

Akifika alikokwenda, bado hakukimeza. Aliona haya kupishana na mume wa binti yake kwenye mlango wa choo. Kwa hiyo kidonge kilisubiri hadi arudi nyumbani. Bibi aliona kuwa dawa ikipumzika kidogo haina neno.

Safari moja alikwenda kumuuguza dada yake, akakaa huko wiki nzima na zaidi. Aliporudi, kiatu chake cha kushoto kilikataa kuingia.

"Kimenyeshewa mvua, kikasinyaa," alisema, akavaa ndala.

Baadaye akawa anahema akikanyaga cherehani. Akailaumu cherehani kuwa inataka mafuta. Kisha akashindwa kulala chali, kwa maana kila akilala, kifua kilibana. Akaulaumu mto.

"Mto huu umekwisha pamba," alimwambia mkwe wake.

Mkwe hakubisha. Alikwenda chumbani kwake, akaleta mito yao miwili, akampangia bibi mgongoni. Yeye mwenyewe akalalia kanga iliyokunjwa. Bibi alijua, kwa kuwa alimsikia mwanawe akiuliza, "Mto wangu uko wapi?" na mkwe akijibu, "Umekwenda kwa mwenye haki."

Wakati huo simu ilipigwa. Alikuwa kitindamimba wake, binti aliyeishi mji wa mbali. Alikuwa anakaribia kujifungua kwa mara ya kwanza.

"Mama, unakuja? Watu wananiambia nitajifunza tu. Mimi nataka uwe karibu siku ya kwanza. Naogopa mtoto asije akaniponyoka mikononi."

"Nitakuja, mwanangu. Hata kwa kutambaa."

Bibi alisema hivyo kwa pumzi fupifupi. Binti akauliza, "Mama, ulikuwa unakimbia?"

Asubuhi iliyofuata, fundi alimkuta mama yake ameketi kitandani, ameshika ukingo wa godoro. Maneno yalimtoka moja moja. Fundi hakuuliza swali la dawa. Alimbeba mpaka kwenye gari la jirani, na gari likaondoka na taa zimewashwa.

Hospitalini walimpa hewa ya kupumulia na sindano. Kufikia jioni bibi aliweza kuzungumza tena. Fundi alikaa pembeni ya kitanda, macho mekundu.

"Mama, safari sasa basi. Umesafiri vya kutosha. Nitamwambia mdogo wangu atafute mtu mwingine."

Bibi aligeuza uso ukutani. Alikuwa ameahidi.

Siku ya pili akapelekwa kwenye chumba kidogo chenye mashine. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huo mshono wa koti lako umefumuka hapo kwenye bega. Ungenikuta na sindano yangu."

Daktari alicheka. Alichukua chupa ya mafuta ya kipimo, akaishika kwanza katikati ya viganja vyake.

"Unaifanya nini?" bibi aliuliza.

"Naipasha joto. Yana baridi, yatakushtua."

Jambo dogo, lakini bibi aliliweka moyoni. Kisha daktari akampaka mafuta kifuani, akapitisha kifaa taratibu, akaigeuza mashine ili kioo chake kimwelekee.

Kioo kilikuwa na giza. Ndani ya lile giza kitu cha kijivu kilikuwa kinafumba na kufumbua, kinafumba na kufumbua.

"Hicho ni nini?" bibi alinong'ona.

"Huo ni moyo wako, Bibi."

"Wangu mimi?"

"Wako wewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, tunavyozungumza."

Bibi alisahau kufumba mdomo. Aliona vitu viwili vyembamba kama ncha za kitambaa, vikipepea na kukutana.

"Hivyo vinavyopiga makofi?"

"Hiyo ni milango. Damu ikishapita, inajifunga ili damu isirudi nyuma."

"Inajifunga yenyewe? Bila kifungo?"

"Bila kifungo, Bibi."

Fundi, aliyesimama mlangoni, alisogea. Yeye alizoea mashine za kila namna. Lakini hii hakuwahi kuiona. Alivua kofia, wala hakuambiwa na mtu.

"Moyo huu ulianza lini kazi?" bibi aliuliza, kana kwamba anamuulizia mfanyakazi.

"Ulipokuwa tumboni, mama yako hata hajakuona. Tangu siku hiyo haujasimama."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala."

Bibi alikitazama kioo kwa muda mrefu. Alizaa watoto, moyo ukiwa hapo. Alimzika mume wake, akadhani hata yeye amekufa, kumbe moyo ulikuwa hapo, unafumba na kufumbua gizani, haumsumbui mtu. Machozi yalimteremkia hadi masikioni.

"Cherehani yangu ni chuma," alisema, "na bado Jumapili naifunika ipumzike. Huu haujapumzika hata siku moja. Na mimi sijawahi hata kuuambia asante."

Daktari alimfuta machozi, kisha akaendelea polepole.

"Sasa tazama hapa, Bibi. Upande huu unasukuma kwa unyonge. Shinikizo la damu la miaka mingi limeuchosha. Moyo ukisukuma kwa unyonge, maji yanabaki mwilini. Yanashuka miguuni, miguu inavimba. Yanapanda kwenye mapafu, pumzi inakuwa fupi. Kwa hiyo unashindwa kulala bila mito mingi."

"Kumbe kiatu hakikusinyaa," bibi alisema.

"Kiatu hakina kosa. Sasa niambie, dawa zako unameza kila siku?"

"Kila siku."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Bibi alitazama tena kioo. Kile kitu cha kijivu kilikuwa bado kinafanya kazi. Akaona hawezi kusema uongo mbele yake.

"Isipokuwa siku za safari," aliongeza. "Kidonge cha bomba nakiacha mpaka nirudi."

"Mama!" fundi alipaza sauti. "Kila siku nakuuliza!"

"Unaniuliza nikiwa nyumbani. Safarini nani aliniuliza?"

Daktari aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kisha akashika mkono wa bibi.

"Bibi, ukiacha kidonge, yale maji hayaendi popote. Yanakungoja humo ndani. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka yakuzibe pumzi. Kwa nini hukutuuliza?"

"Nije hospitali nzima kuzungumzia mkojo?"

"Mkojo ndiyo habari yetu hapa! Mgonjwa wangu akiniambia amekojoa vizuri, nafurahi kuliko kuletewa zawadi."

Hapo wote watatu walicheka, na kwenye kioo moyo ukacheza upesi zaidi. Bibi aliuona.

"Na wenyewe unacheka," alisema kwa mshangao.

Daktari akaeleza. Dawa za shinikizo na za moyo azimeze kama kawaida, safari au si safari. Kidonge cha kutoa maji, kwa hali ya bibi, siku ya safari angeweza kukimeza akishafika, badala ya asubuhi. Ila asikiruke siku hiyo, wala siku zinazofuata.

"Huo ni mpango wako wewe," daktari alisema. "Mwenzako asiuige. Kila mtu amuulize daktari wake, dawa zetu hazifanani. Na dawa ziwe kwenye mkoba unaokaa nao. Zisipakiwe kwenye mizigo ya chini ya basi."

Alimwambia pia asile chumvi nyingi. Akiwa ndani ya basi, achezeshe nyayo mara kwa mara, na gari likisimama, ashuke anyooshe miguu. Na kila asubuhi, baada ya kutoka chooni, apande mizani. Uzito ukipanda ghafla, au miguu ikivimba, asingoje. Apige simu hospitali. Akikosa pumzi, aletwe mara moja.

Bibi alisikiliza yote. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni.

"Na binti yangu? Anajifungua mwisho wa mwezi."

Fundi alitazama sakafu. Daktari alitazama kioo.

"Moyo huu ukitunzwa, unaweza kusafiri. Lakini si sasa. Nenda nyumbani, fuata tuliyozungumza, halafu nikuone tena. Nikiridhika, utakwenda."

Nyumbani bibi hakukiruka kidonge hata mara moja. Fundi alinunua mizani, akaiweka karibu na cherehani. Mkwe alipunguza chumvi kwenye chungu cha wote, akaongeza vitunguu na ndimu. Siku ya kwanza fundi alionja, akakunja uso.

"Mke wangu, leo chumvi imekwenda likizo?"

"Imekwenda. Na sisi wote tunakula kama Mama."

Fundi alimtazama mama yake, akajipakulia tena. Hakusema neno la chumvi kuanzia siku hiyo.

Asubuhi moja bibi alijaribu kiatu cha kushoto. Kiliingia bila kulazimishwa. Bibi alikaa na kiatu mguuni, akiweka kiganja kifuani, na macho yake yalikuwa mbali. Mkwe alidhani anaumwa.

"Mama, kuna nini?"

"Namsikiliza fundi wangu," bibi alijibu. "Yuko kazini."

Daktari alimpima tena, akaridhika. Fundi mwenyewe alimpeleka mama yake kituoni. Alihakikisha dawa ziko kwenye mkoba, akamkatia tiketi ya kiti cha kando ya ujia, karibu na mlango.

Basi lilikwenda mwendo mrefu. Bibi alichezesha nyayo zake kama anayekanyaga cherehani. Kidonge cheupe kilikuwa mkobani, kinangoja zamu yake. Lakini uzee ni uzee, na haja ilimjia bila hata kidonge. Zamani angejibana mpaka machozi. Safari hii alikumbuka kile kitu cha kijivu kisichojua aibu wala kuchoka. Akapaza sauti.

"Dereva, mwanangu! Nisimamishie, nina haja ndogo."

Abiria waligeuka kumtazama. Masikio ya bibi yalipata moto.

"Naam, mama yangu," dereva alijibu. "Mbele hapo kuna kituo cha mafuta, nakufikisha sasa hivi."

Basi liliposimama, bibi alishuka kwa uangalifu. Aligeuka, akashangaa. Nyuma yake alishuka mama mwenye mtoto, na vijana, na bwana mmoja mnene mwenye suti. Karibu nusu ya basi ilishuka.

"Bibi, ubarikiwe," yule bwana alisema akikimbia. "Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nguzo za umeme!"

Bibi alicheka mpaka akashika mlango wa basi. Kumbe miaka yote ile hakuwa akijibana peke yake.

Alifika mchana. Mume wa binti yake alimpokea mkoba, akamwonyesha chumba. Kilikuwa chao wenyewe, chumba cha karibu na choo. Wao walikuwa wamehamia cha mwisho. Kwenye korido alikuwa amefunga taa mpya.

"Shemeji fundi alinipigia simu," alisema, akitazama kando kwa heshima. "Ukiihitaji, Mama, taa inawaka yenyewe ukipita."

"Ahsante, baba. Basi niletee maji ya kunywa. Nina kidonge changu."

Akakimeza mbele ya mkwewe, bila kujificha.

Mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, wa kike. Binti alirudi naye nyumbani amemshika kwa hofu, mikono imekakamaa.

"Mama, ataniponyoka."

"Hataponyoka. Legeza mabega. Kichwa kikae hapa, kwenye kiwiko. Umeona?"

Binti aliona. Mabega yake yakashuka, na mtoto akatulia. Bibi aliinama, akaweka kiganja chake kizee juu ya kile kifua kidogo. Ndani, kitu kilikuwa kinafumba na kufumbua, haraka haraka, kwa bidii ya mfanyakazi mpya.

"Mama, unamwambia nini?" binti aliuliza, maana midomo ya bibi ilikuwa inacheza.

"Simwambii yeye," bibi alisema. "Nauambia moyo wake asante. Mwenyewe bado hajui kusema."