Kipindupindu na Mtungi wa Ubani

Mtaani kwetu Yombo, asubuhi huanza na sauti mbili: ufagio na Bi Chausiku. Ufagio huchoka mapema.

Bi Chausiku alikaa barazani, pembeni ya mtungi wake mkubwa. Kila alfajiri aliuosha, akaufukiza kwa moshi wa ubani, kisha akaujaza maji ya kisima cha nyuma ya nyumba. Maji yale yalikuwa baridi na yalinukia. Mpita njia yeyote alichota kwa kata, akanywa bure. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, baraza lilijaa kama pana harusi.

Chumba cha uani alipanga Editha, mama Sebastian, mwenyeji wa Masasi. Kazi yake ilikuwa kuuza togwa, kile kinywaji kitamu cha uji na kimea. Maji ya mtungi hakuyanywa.

"Ubani unaniumiza kichwa, bibi," alisema.

"Kichwa cha Masasi hicho," Bi Chausiku alijibu. "Hakijazoea vitu vizuri."

Walicheka wote wawili. Ila Bi Chausiku alicheka nusu.

Mwisho wa mwaka 1997 mvua ilinyesha mpaka vyoo vikajaa. Kipindupindu kikaingia mtaani. Mtu aliharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, akatapika, macho yakaingia ndani. Wagonjwa walipelekwa kutibiwa kwenye kambi ya kipindupindu. Mmoja wao alikuwa Lulu, mjukuu wa Bi Chausiku. Baba yake, Jabiri, ndiye aliyesimamia nyumba na wapangaji.

Jabiri hakwenda mbali kutafuta mchawi.

"Lulu alikunywa togwa lako," alimwambia Editha. "Kesho Jumamosi nisikukute hapa."

"Kaka Jabiri, niende wapi na watoto kwenye mvua hii?"

"Rudi kwenu. Kawauzie hukohuko."

Wateja nao walishamkimbia. Editha akaanza kutoa vitu nje. Kitanda kikawa uani, jungu la togwa likiwa juu yake.

Siku hiyohiyo akafika Mwinshehe, bwana afya wa kata. Aliingia kila nyumba yenye mgonjwa. Maswali yake yalikuwa yaleyale. Mgonjwa alikula nini? Alikunywa nini? Wapi? Na nani? Halafu akavuka barabara, akaenda gereji, ambako hakuna aliyeumwa.

Jabiri akamcheka. "Bwana afya, wagonjwa wako huku. Kule kuna mafundi tu."

"Wazima nao wana habari zao," Mwinshehe alisema.

Mafundi walimjibu bila kuacha kazi. "Togwa la mama Sebastian tunakunywa kila siku. Kama ni sumu, sie tungeshazikwa."

"Na maji?"

"Maji ya nini? Sie ni togwa na chai ya rangi."

Mwinshehe akarudi barazani. Majirani walikuwa wamejaa, maana habari za mtu kufukuzwa hazikosi watazamaji.

"Wa kwanza kuugua ni ustadhi Suhaib," alisema. "Yeye hunywa togwa?"

Watu wakacheka. Ustadhi Suhaib hakugusa togwa hata siku moja. Aliogopa lisije likawa pombe likiwa tumboni.

"Na wanao, mama Sebastian?"

"Wanakunywa kutwa. Hawajaumwa. Togwa nalipika mpaka linachemka, wala siongezi maji mabichi."

"Basi waliokunywa togwa wengi ni wazima, na asiyelinywa kaugua. Sasa niambieni, ustadhi akitoka msikitini huwa anakunywa nini?"

Macho ya watu yalikwenda kwenye mtungi, kisha yakakimbilia kwingine. Mwenye mtungi alikuwa amekaa palepale.

"Maji yangu?" Bi Chausiku aliuliza. "Mwanangu, hebu nusa kwanza."

Mwinshehe akanusa. "Yananukia vizuri sana, bibi. Lakini kipindupindu hakina pua. Moshi wa ubani unaleta harufu nzuri, hauui vijidudu."

"Mbona mie nayanywa na siumwi?"

"Wapo wanaobeba vijidudu bila kuumwa. Hao ndio wanaotuchanganya."

Akawapeleka nyuma ya nyumba. Choo cha shimo kilikuwa karibu kabisa na kisima. Jabiri alikichimba hapo mwenyewe, asichoke kutembea. Sasa kilikuwa kimefurika, na uchafu ulikuwa unatiririkia kisimani.

"Nitapeleka maji haya yakapimwe," Mwinshehe alisema. "Ila majibu hatuyasubiri. Kisima kinafungwa leo."

Jabiri alitazama chini. "Lulu alikunywa togwa, lakini."

"Na baada ya togwa?"

Bi Chausiku ndiye aliyejibu, taratibu. "Nilimpa maji mimi."

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Jabiri, kitanda cha mwenzio kinalowa. Kirudishe ndani."

Jabiri akakibeba.

Majibu ya maabara yalipokuja, vijidudu vilionekana. Kisima kilitiwa dawa. Choo kipya kikachimbwa mbali, upande wa bondeni. Kambini, Lulu alinyweshwa maji yenye dawa ya chumvi na sukari, yakarudisha maji aliyopoteza mwilini, naye akarudi nyumbani. Bi Chausiku akaanza kuchemsha maji mpaka yatokote, akayafunika, na kata akaitia mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Ubani hakuuacha. Bwana afya hakukataza kunukia. Mgonjwa mpya hakuonekana tena mtaani.

Editha alipoanza kuuza tena, aliweka ndoo ya maji na sabuni mbele ya togwa. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Jabiri, akiwa ametoka chooni.

"Nipe kikombe, mama Sebastian."

"Nawa kwanza."

Jabiri akachovya vidole, akakung'uta.

"Na sabuni, baba mwenye nyumba. Mikono yote miwili."

Jabiri akaichukua sabuni. Foleni nzima ikamsubiri.