Mchumba Asiyeulizwa

Siku ile ofisi ya ufadhili ilifurika wanafunzi wa uzamili, kila mmoja kakumbatia bahasha yake, jasho likiwatiririka. Msichana mwenye gauni la njano alisukumwa hadi dirishani. Kwao walimwita Kidosho. Ada ilikuwa imemshinda baba yake, na bila ufadhili masomo ndiyo basi tena.

"Dada, hujasaini," akasema karani, kijana mwenye shati jeupe lililonyooka, muhuri mkononi.

"Nimesaini!"

"Umesaini kwenye nafasi ya mlezi. Au unajilea mwenyewe?"

Kidosho akacheka bila kutaka. Jioni karani akampigia kumwambia fomu imepokelewa. Kesho yake akapiga bila sababu. Haukupita muda ikawa, "Kipenzi, umekula?" "Nimekula, Bwana Muhuri wangu. Wewe je?" Basi, moyo wa Kidosho ukazama mzima mzima.

Halafu ghafla, kimya. Simu haipokelewi, ujumbe haujibiwi. Akamfuata dirishani. Karani akainua macho, akayashusha.

"Mwombaji anayefuata!"

Mwombaji! Yeye aliyekuwa kipenzi juzi tu! Kidosho alitoka hajui akanyage wapi. Kamkosea nini? Ana mke? Au ndiyo tabia yake, kila msimu wa maombi na kipenzi chake? Alilia weee, kisha akanawa uso, maana mahojiano ya ufadhili yalikuwa yamewadia.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa miwani, alimtazama kwa upole.

"Mwanangu, karani wetu amejitoa kwenye faili lako. Anasema wewe ni mchumba wake, nasi tumemkataza kuwasiliana nawe hadi tumalize. Ni kweli?"

"Mchumba wa nani?"

"Ukisema ndiyo, faili lako litahamia jopo lingine, na huko nafasi ni chache. Ukisema siyo, litabaki hapa, ila yeye atakuwa ametudanganya. Kazi yake itakuwa mashakani."

Masomo huku, mwanamume huku, na yeye mwenyewe hajaulizwa neno! Hasira na furaha zikampanda kwa pamoja.

"Mama, naomba nitoke kidogo tu."

Akaipita foleni moja kwa moja hadi dirishani. "Wewe! Ofisi nzima ijue nina mchumba, mimi nisijue?"

Karani akasimama, kaloa jasho. "Walitaka nitaje uhusiano wetu. Kwenye fomu kulikuwa na ndugu, jirani, mchumba. Hakuna mahali pa kuandika kwamba nisipoisikia sauti yako silali."

"Si ungeandika jirani!"

"Ningekuwa mwongo."

"Na sasa si mwongo? Umeniuliza lini?"

Foleni yote ikasogea kusikiliza. Karani akauweka muhuri chini. "Nilitaka kukuuliza baada ya mahojiano, usije ukadhani nakutega kwa faili lako. Haya, nauliza. Utakubali nikuoe?"

"Nikikubali, huenda nikakosa ufadhili. Unajua?"

"Najua. Basi waambie siyo, kipenzi. Kazi nitatafuta nyingine."

Kidosho alimkodolea macho. Amemkasirikia, anampenda, hajui aanze na lipi. Akageuka, akarudi ndani, akafunga mlango na kuketi.

"Enhe, mwanangu?" akauliza mwenyekiti. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Hamisheni faili," akasema, machozi yakimtoka. "Ila ni kweli tangu sasa hivi tu."